Komeo la Mwingine

Bi Zuwena aliitoa uvunguni,
imefungwa upande wa kanga na kamba ya katani,
akailaza mezani kati ya birika na sahani ya karanga.
"Marehemu aliipaka mafuta kila Ijumaa," akasema.
"Mimi hakunipaka."
Akacheka. Nami nikacheka,
maana Gongoni hapa huwezi kuanza bei kwa huzuni.

Nilikuja na tochi, kipande cha karatasi nyeupe,
na macho yangu ya kazini, yale ya kukagua marobota ya tumbaku
mkulima anapoficha majani mabovu katikati.
Nikavuta komeo nyuma, nikaweka karatasi penye tundu,
nikaimulika, nikachungulia upande wa mdomo:
mikato minne inazunguka, inazunguka,
kama maji yakitafuta njia ya kutoka kwenye sinki.
Kutu kidogo mwishoni. Si ya kuua.

Kitako kilipasuka zamani, kikashonwa kwa waya wa shaba.
Mtu alichonga herufi kwa kisu: K,
na nyingine, labda M,
labda vilima viwili tu vya kwao.

Namba ya mtutu: 4703.
Namba ya komeo: 9160.

"Hizi ni bunduki mbili," nikamwambia. "Zimeozeshwa."
"Mwanangu, ndoa ngapi mjini hapa
zina namba zinazolingana?"
Bei ikashuka laki moja na nusu,
ikakaa hapo, ikakunja miguu.

Babu wa babu yangu, Mihambo wa Ndono,
alibeba masanduku ya risasi kichwani
katika vita ya Wazungu kwa Wazungu.
Kwanza ya Wajerumani. Walipokimbia, ya Wabelgiji.
Njia ileile, kibaba kilekile cha mtama.
Hakufyatua hata moja.
Alirudi na shingo fupi, bibi alituambia,
na ndege akilia mtini
aliwauliza watoto ni ndege gani.

Nililipa.
Kisha wiki tano za polisi: picha, muhuri,
barua ya mtendaji, muhuri juu ya muhuri,
na koplo mmoja, kijana, kalamu imesimama:
"Mama, unataka kumpiga nani?"
"Karatasi," nikasema. "Ina duara jeusi. Mita mia moja."
Akaandika polepole, kwa herufi kubwa,
KARATASI.

Jumamosi, uwanja wa shabaha, ng'ambo ya Kazima.
Nyuma ya mbao kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba,
kimeshakula risasi za miaka.
Wenzangu wana vyao vipya, vyeusi, vyenye darubini.
Wakanizunguka kama watu wanaotazama baiskeli ya mkoloni.

Ya kwanza ilipita juu, ikala udongo.
Ya pili juu.
Ya tatu juu, tundu ubavuni mwa tundu.
Bega likaanza kunijibu.
Msabila akashusha darubini yake:
"Haikosi hii. Inapata pengine."

Ndipo nikasoma kilengeo, kile kibati kilichofifia.
Alama ya chini kabisa: mia nne.
Haijui karibu.
Waliomtengeneza mwenye K na M hawakutaka
amwone mtu uso.

Basi nikalenga nyasi,
miguuni pa shabaha, mahali pasipo na kitu.
Nikatoa pumzi nusu.
Komeo la mmoja, mtutu wa mwingine, kidole changu.
Duara likatoboka.

Nikarudia mpaka jua likaanza kuuma kisogo.
Nikaokota maganda yangu yote ishirini, bado yana joto,
nikayatia kwenye kopo la maziwa ya unga,
bunduki begani, mkono mmoja umeshika mkanda,
na kopo, bila kufikiri,
nikalitua kichwani.

Juu ya mninga, karibu na pikipiki,
ndege akalia, sauti nisiyoijua.
Nilitaka kumtazama.
"Msabila," nikaita, shingo wima,
"ndege gani huyo?"